Shangazi Apaa

Siku ya nne ndipo tulipoacha kumsukuma.
Udongo mweusi wa bonde hili, chini ya Morungole,
ukikauka hupasuka kama kisigino;
ukishiba mvua hushika gari
kama ufizi wa mtoto ushikavyo chuchu.
Tulijaribu mbao, mawe, magogo ya mgunga.
Winchi iling'oa mti mzima
ikatuletea, kama mbuzi kwa kamba.
Tulijaribu ng'ombe kumi wa Lokiru:
walivuta mara moja, wakatutazama,
wakarudi malishoni bila kuaga.

Ni Landkruza ya kliniki. Mimi dereva wake,
Wabwire, mtoto wa Busia.
Naiita Shangazi kwa sababu hulalamika kila asubuhi
na hajawahi kukataa kazi.

Redio ikasema: helikopta, kesho saa tatu.
Ikasema tena: mpunguzeni uzito.

Basi tukamvua Shangazi.
Milango minne, viti, betri, tairi ya akiba.
Dizeli niliivuta kwa mpira, nikameza kidogo, nikatema.
Chini ya kiti cha nyuma tulikuta
kiatu cha mtoto, cha kushoto,
na karanga tatu zilizokwisha kuota.
Nachap, mke wa Lokiru, akakikalia kiti cha abiria
pale nyasini, akajitikisa, akapima,
akasema kinashinda kigoda cha mumewe.

Ilitoka kusini, kwanza nzi ndani ya debe,
halafu kinu kinachotwangwa na vichaa.
Nyasi zikalala kifudifudi.
Mbuzi walitawanyika, wengine hadi kesho yake.
Ndoano ikashuka.
Rubani alikuwa ameonya: usiiguse,
iache kwanza ibusu ardhi,
imwage umeme iliouokota angani.
Nikangoja. Cheche ikaruka, ndogo, ya samawati,
kama neno ambalo mtu amejizuia kulisema.
Nikafunga minyororo minne, nikakimbia nimeinama,
nimeshika kofia ambayo sikuwa nimeivaa.

Bonde halikumwachia upesi.
Udongo ukavuta, anga ikavuta,
nikamwonea huruma, mtoto anayegombewa na wazazi.
Kisha pwaa!
kama ndama anavyotoka ghafla
baada ya usiku mzima wa kusukumwa,
na Shangazi akapaa.

Miaka kumi na miwili nimelala chini yake,
mgongo juu ya gunia, oili ikinidondokea jichoni,
sikuwahi kuliona tumbo lake lote kwa pamoja.
Sasa alining'inia juu yangu, akizunguka taratibu:
kila kiraka nilichomchomelea Kotido na Abim,
na ule waya nilioufunga "mpaka Jumatatu",
Jumatatu ya mwaka gani, sijui.
Nikaona haya. Nikatazama pembeni,
kama mtu aliyefungua mlango wa bafu bila kubisha.

Lokiru akauliza: saa moja ya mdudu yule
ni ng'ombe wangapi?
Nikamwambia: wale kumi wako wote, na ndama.
Akacheka, kisha akaacha kucheka.

Nachap hakuuliza bei.
Akiwa bado kitini, akasema:
"Ile kamba, inaweza kufungwa machela?"
Nikasema nadhani, ndiyo, inaweza.
"Kumbe wanaijua njia ya huku."
Akatazama mlimani, kile kijia
walichomshusha nacho dada yake mwezi wa tano,
mabegani, polepole mno.

Nafasi yangu haikuwepo.
Nilirudi Kaabong kwa miguu, siku mbili,
na mfukoni funguo za gari
lililokuwa limekwisha kunipita kwa juu.

Wiki iliyofuata nilikuja kuchukua milango.
Shimo lilikuwa limejaa mvua:
mifereji miwili ya tairi, alama ya ekseli katikati,
umbo lake lote, Shangazi wa maji.
Ng'ombe kumi walikuwa wamelizunguka,
wakinywa bila haraka.
Milango minne niliikuta, imefunikwa kwa ngozi isilowe.
Kiti cha abiria sikukiona.
Sikukiulizia.