Nywila

Mashine yenyewe niliinunua Luthuli,
chuo kimoja kilipofungwa wakauza hadi mapazia.
Ina kisogo kikubwa, inakohoa ikiwaka,
na herufi M imekufa:
ukiibonyeza inashuka, inapanda mikono mitupu.

Ogeto fundi alikuja hadi Umoja, Jumamosi,
akavua viatu mlangoni, akapuliza vumbi.
"Mama Kemunto, hii ni nzee, haina kufuli za siku hizi.
Tuzibane faili zako ziwe furushi moja,
halafu tulitie nywila."
Nikamwambia ni hesabu za chama.
Akaitika. Hakuuliza ni chama gani
chenye faili iitwayo *aabara achi*.

Akageukia kalenda ya duka la gesi
nikitafuta neno.
Momanyi? Jina la marehemu lina M mbili,
zimekwenda naye.
Mwaka wa arusi umeandikwa nyuma ya picha,
watoto wanaujua.
Nikapata moja. Wewe pia sikuambii.
Vidoti tisa vyeusi vikajipanga kama siafu.

"Tayari," akasema. "Ila tuliyofunga ni nakala.
Asili iko palepale, wazi.
Hiyo uifute mwenyewe, kisha umwage pipa."

Hilo sikulitarajia.
Nilidhani kufunga ni kama mlango wa duka:
mali ndani, kufuli nje, ukalale.
Kumbe sharti niue kile ninachokiona
niamini kilicho gizani kitafunguka
siku nitakayokihitaji.
"Na nikilisahau neno?"
"Ukilisahau, mama, hata mimi siwezi."

Nikafuta.
Pipa likatoa sauti ya karatasi kukunjwa,
ileile ya daktari
akikunja majibu mara tatu kabla ya kunipa.
Ogeto alikataa chai. Alichukua mia tano,
akarudisha hamsini, sijui kwa nini.

Jioni Kemunto akaketi acheze karata zake.
"Mama, hili furushi ni la nini? Linaomba neno."
"La chama," nikasema. Nilikuwa nachagua mchele.

Akacheka, akajaribu jina lake.
Nilisikia K, nikasikia E,
kisha kidole kikagonga palepale
mara mbili, mara tatu,
kikingoja herufi isiyokuja.

Nikaokota kijiwe kwenye ungo
nikabaki nacho vidoleni.