Upupu

Toribio, ulipopanda lori la kwenda kaskazini
uliniachia nyumbu mmoja anayechechemea,
deni la magunia sita ya mbolea ya dukani,
na mteremko ulionyonywa hadi mfupa.
Mahindi yalitoka manjano, kama macho ya mgonjwa.
Mvua moja tu ya Oktoba,
udongo wetu ukateremka bondeni bila kuaga.

Ndipo dada yako Eduviges akaja na mkebe wa maziwa,
ndani mbegu nyeusi, zinang'aa kama mende.
"Panda upupu," akasema.
Nikacheka. Nani huualika muwasho nyumbani kwake?
"Huu si ule wa porini. Huu ni ndugu yake mpole."

Mpole!
Ulipanda mabua, ukavuka uzio,
ukamfunga nyumbu miguu alipolala,
ukafika mlango wa choo na kuusukuma.
Casimiro alisimama njiani akanitazama:
"Bibi, unafuga nyoka."

Eduviges anasema mizizini mna wageni wasioonekana,
wanakamata hewa na kuipika.
Mimi na hewa inayopikwa wapi na wapi?
Nikang'oa shina, nikapasua kifundo kwa ukucha.
Ndani mlikuwa mwekundu,
mwekundu kama ufizi wa mtoto anayeota meno.
Nikaurudisha mzizi ardhini haraka,
kama niliyefungua barua isiyo yangu.

Desemba nikafyeka. Kiberiti sikukigusa,
ingawa vilima vyote vya jirani vilikuwa vikifuka moshi
na mkono wangu, kwa mazoea, ulikuwa ukikitafuta.
Majani yakalala, yakawa mkeka, mkeka ukaanza kuoza
kwa harufu ya mvinyo na ya zizi.
Nikautoboa kwa mti uliochongoka, punje mbili mbili.

Sasa ni Machi.
Kijani cha mahindi kimekolea, kinakaribia weusi.
Ukizika kidole kinazama chote,
na nyungunyungu wanakwepa kwa hasira, kama wenye nyumba.
Deni bado lipo. Nisikudanganye.
Magunia matupu nimeyashona pazia;
jina la kiwanda linafifia kwa jua.

Jana Casimiro alibisha hodi.
Hakutaja nyoka. Aliangalia viatu vyake
akaomba mbegu kidogo, kiasi cha kujaribu.
Sikuwa na mfuko wa kumtilia.
Nikamjazia soksi yako, ile moja
uliyoisahau chini ya kitanda.