Eda ya Kitatange

Akida kaleta samaki kwenye mfuko wa plastiki
uliofungwa kwa mpira wa nywele,
kaupakata tangu Sahare mpaka hapa Chumbageni.
Kitatange. Manjano, mistari myeusi,
mdomo umechongoka kama anayepuliza chai.
"Shangazi, nimtie?"
Na mkono tayari uko juu ya tangi.

Kifuniko nimekishika mimi.
Humtii.

Marehemu Mbaruku alikuwa mtu wa kutia.
Kila kipya, moja kwa moja kwenye maji makubwa,
kisha anavuta kiti atazame wenyeji wanavyompokea.
Mwaka juzi akamtia kangaja mwenye madoa meupe,
madogo, kama chumvi iliyomwagikia nguo.
"Vumbi la njiani," akasema.
Siku ya tisa tulizika samaki kumi na mmoja
chini ya mpapai, na mapapai yake
mpaka leo nawagawia majirani tu.

Mimi nimefanya kazi wodi ya kipindupindu.
Najua mlango mmoja, ndoo ya klorini kizingitini,
viatu vya ndani havitoki, vya nje haviingii.
Nilimwambia. Akacheka:
samaki si wagonjwa wa Bombo.

Haya. Lete lile sanduku la plastiki la mashuka ya wageni.
Mashuka yaache kitandani,
tangu arobaini ipite hakuna aliyelala hapa.
Liweke chumba cha nyuma, mbali, tone lisiruke.
Mchanga hapana, mchanga hunywa dawa.
Mawe hapana.
Vipande vitatu vya bomba alivyosaza fundi wa choo,
vioshe, vipya hivyo,
ndiyo nyumba yake: hata mgonjwa anataka pa kujificha.
Sponji hii nimeilaza mwezi mzima nyuma ya tangi kubwa
ishike uhai; maji mageni hayajui kujisafisha.
Maji kateke Raskazone, bamvua likijaa,
si pale penye mfereji.
Chumvi ipime, sindano isimame
kwenye alama nyekundu aliyoichora mwenyewe.
(Kupima alipima. Kungoja ndiko kulikomshinda.)

Wavu wake, kikombe chake, taulo lake.
Nimeviandika K kwa rangi ya kucha,
maana kucha zenyewe sasa haziruhusiwi.
Dawa ya shaba ni nduguye mruututu:
tone, ngoja, tone.
Ukizidisha unamuua aliyekuja kupona,
na ikifika tangi kubwa, wale kamba wawili
hawaioni kesho.

Bi Siwazuri kaja na mkate wa mofa,
kaniona na nguo nyeupe, mikono imelowa hadi viwiko.
"Eda gani hii, mwenzangu, ya kulea samaki?"
Nikamwambia: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
huyu thelathini, na jembe hapewi.
Akaondoka hajui acheke au anisomee dua.

Kwenye kalenda ya duka la mabati
siku zake nazizungushia penseli,
zangu nazikata kwa wino.
Yeye thelathini. Mimi zimebaki hamsini na tisa.
Atatoka kabla yangu, mwanaharamu huyu,
na manjano yake yote.

Usiku wa tatu umeme ulikatika, pampu ikanyamaza.
Nilikaa gizani nikichota kwa kikombe cha K
na kuyamwaga kutoka juu, yapate hewa,
nachota, namwaga,
mpaka bega likasema basi, na bega halikusikilizwa.
Sikumwona. Nilimsikia mara moja tu
akigonga bomba.
Mbaruku naye aligonga ukuta hivyo
akitaka maji, wiki ile ya mwisho,
nami nilikuwa jikoni.

Leo siku ya sita.
Kapokea kipande cha chaza, kakitema,
kakizunguka, kakirudia.
Doa sijaliona.
Nimemkataza Akida asimsifu bado.