Kofia ya Funguo

Montevideo, Jumamosi, baridi ya Julai.
Nibia, fundi cherehani, anaupima ukuta
kwa jicho lililozoea pindo za sketi:
"Umekwenda upogo. Kidole kizima. Bomoa."

Mimi, mhandisi wa mwaka wa nne,
nashika timazi, nanyamaza.
Chuoni nimefunzwa uzito wa zege,
sikufunzwa uzito wa kope za Waldemar,
dereva wa basi, aliyetoka zamu ya usiku
akaja moja kwa moja kulipa saa zake kwa tofali.

Kibuyu cha chai chungu kinazunguka, mdomo kwa mdomo.
"Kwani hii ni yako?" namuuliza.
Anacheka, saruji imemganda kwenye nyusi.
"Nani ajuaye? Siku ya vigae vya mwisho
funguo zitatiwa kofiani, kila kaya itachota."

Nyumba thelathini na moja, hazina wenyewe.
Kumbe ndiyo maana kuta zimenyooka:
kila mtu anahofia kuuchota uvivu wake.

Nabomoa. Kozi tatu.
Waldemar, macho mekundu, ananikorogea saruji upya,
wala haulizi kosa ni la nani.