Karo ya Mwili

Nyuki wa Ipole wananifahamu.
Miaka thelathini napanda mninga kwa kamba ya gome,
kienge cha moshi mkononi, uso wazi,
na siku hizi wakinichoma ni kama mtu kaniita jina:
nageuka, naendelea na kazi.
Mwili umesoma.

Ndivyo nilivyomwambia Nyamizi wa zahanati
alipokuja kwa baiskeli na kisanduku chake cha barafu.
"Ugonjwa wenu nimeshauugua," nikasema,
"siku kumi na mbili, kifua kama mzinga uliopigwa teke,
harufu ya nta siisikii, asali mdomoni ni maji ya moto tu.
Nikaamka. Sasa sindano ya nini?
Aliyehitimu harudishwi darasa la kwanza."

Hakubisha. Hilo ndilo lililoniudhi.
"Ni kweli, Mzee Kapela, mwili wako umesoma."
Akafuta jasho kwa kiwiko.
"Na Seleli?"

Seleli.
Tuliugua wiki moja, nyumba mbili, ukuta mmoja.
Usiku nilimsikia akikohoa, naye akanisikia,
tukawa tunajibizana hivyo,
kama watu wanaosalimiana ng'ambo na ng'ambo ya mto.
Alfajiri ya siku ya tisa nilikohoa,
nikangoja.
Nikakohoa tena, kwa makusudi.

Shule ile ile, mwalimu yule yule.
Mimi nikapewa cheti, yeye karo ikamshinda;
na karo ya shule ile hutajiwi mlangoni,
unatajiwa ukiwa ndani, komeo limeshashuka.

Nyamizi hakuyasema hayo. Nayasema mimi,
kwa kuwa jioni ile nilikaa kuziba nyufa za mizinga ya marehemu
(Mwashi, mjane wake, hapandi miti)
nikakumbuka alivyonifunza nilipokuwa kijana.
Hakunipeleka mzingani siku ya kwanza.
Alimkamata nyuki mmoja kwa mbawa,
akamweka hapa, juu kidogo ya kifundo cha mkono.
"Mmoja kwanza," akasema,
"tuone mwili wako unasemaje.
Kundi halina subira ya kukuuliza."

Alhamisi nikaenda.
Foleni ilifika hadi kwenye mashine ya kusaga,
na nyuma yangu kijana mmoja alikuwa akiapa
kwamba babu yake alitibu kila kitu kwa mizizi ya mlonge.
Sikumjibu. Babu yake simjui.
Nilikunja shati, nikatazama ukutani.
Nyuki akichoma huacha mwiba, na uhai wake humo humo;
Nyamizi alichomoa wake, akaandika tarehe,
akaita, "Anayefuata."

Bega liliniuma siku mbili.
Usiku wa pili nilikohoa kidogo,
si kwa ugonjwa, kwa mazoea tu,
nikausikiliza ukuta.