Dona

Mashine yangu iko Makorora, nyuma ya fundi baiskeli.
Ina midomo miwili: mmoja wakoboa, mmoja wasaga.
Miaka kumi na saba foleni ilikuwa ya mdomo wa kwanza.
"Koboa mara mbili, Semhando, uwe mweupe kama sanda,"
aliniambia mama mmoja siku ya hitima,
wala hakusikia alichokisema.

Nami nikakoboa.
Niliyavua mahindi ya Handeni ngozi, nikayang'oa kiini,
nikawapimia weupe mtupu.
Pumba zilitokea upande wa ukutani, za moto,
zinanukia kuliko unga.

Kula dona ilikuwa ni kukosa pesa ya kukoboa.
Ilikuwa bweni, na maharage yenye wenyeji wake ndani.
Ilikuwa gereza la Maweni.
Mama akibishiwa hodi alifunika sufuria kwa kanga,
akanituma dukani mbio
nikakope sembe nusu kilo.

Mwaka huu wamekuja wengine.
Wanashuka garini, wanakunja suruali kuogopa vumbi langu,
mkononi karatasi ya Bombo: sukari kumi na nne, presha juu.
"Usikoboe," wanasema. "Saga hivyo hivyo."
Wanauliza mahindi yametoka shamba gani,
yamepigwa dawa, hayakupigwa?
Bwana Mkufya wa bandarini aliulamba unga kiganjani,
akafumba macho.
"Huu ndio aliokuwa akitupikia bibi,"
kama mtu aliyeikuta pete yake mwenyewe sokoni
akainunua.

Sikumcheka. Foleni ni foleni.
Mdomo wa kukoboa sasa unalala mpaka adhuhuri,
buibui keshautandia.
Na pale Mgandini nimeuona unga wa dona
katika mfuko wenye picha ya jembe,
bei imeipita sembe kwa mia tano.
Mama angeuliza: mia tano ya nini?
Ya kazi ambayo haikufanywa?

Ila jioni huja Mwanamkasi na ndoo yake.
Mwaka wa tisa huu anachota pumba,
Ijumaa ananiachia mayai mawili.
Ana kuku thelathini na mmoja
na mjukuu kidato cha pili.
Juzi nilikung'uta mfuko hadi kwenye mshono,
nikampa robo ndoo.

Akatazama ndani. Hakulaumu.
"Alhamdulillahi, watu wamepata akili," akasema,
"pumba zimerudi kwa wenyewe."
Akajitwika. Mlangoni akageuka, kicheko nusu:
"Zamani watu walikoboa, kuku wakadona.
Sasa dona ni ya watu.
Kuku wadone nini, Semhando?"

Nikazima mashine.
Mkanda ukazunguka kidogo, kwa mazoea tu.
Kope zangu zilikuwa na unga,
rangi ya mchanga, si mweupe tena.

Ijumaa lilikuja yai moja.