Nimetoka Kwenye Kundi

Jumanne maji ni yetu.
Ndivyo ilivyokuwa tangu nikiwa na meno ya utoto:
jogoo la kwanza, baba anapanda na jembe
hadi kwenye mdomo wa mfereji,
anang'oa kizibo cha mgomba, na maji yanajua njia.

Sasa tuna kundi.
Wanachama mia na nane, Uru nzima,
wengine wako Dodoma, mmoja yuko Oslo,
hana hata mche wa kahawa.
Kuna katibu, kuna ratiba ya rangi tatu,
kuna fomu ya kujaza ukitaka kubadilishana zamu,
na fomu inataka barua pepe, na barua pepe inataka nywila,
na nywila inataka herufi kubwa, tarakimu, na alama
ambayo kwenye simu yangu sijui inakaa wapi.

Jumanne iliyopita niliamka giza halijapasuka
nikakuta ujumbe tisini na saba.
Huyu: zamu imesogezwa. Yule: haijasogezwa.
Mwingine katuma ua la waridi,
mwingine anauza viatu vya mtumba, saizi arobaini na moja.
Nikabaki kitandani nasoma, kidole kikipanda na kushuka
kama mtu anayetafuta chawa,
na nje, nyuma ya zizi, nikasikia maji yakipita,
yakipita,
yakaenda zake Mto Rau.

Maharage yangu hayakusoma ujumbe hata mmoja.

Siku hiyo nikafungua droo.
Chaji kumi na moja, simu moja.
Rimoti ya televisheni iliyoibwa mwaka ule wa barakoa.
Kadi ya duka moja la Moshi mjini, lilishafungwa,
pointi zangu mia nne na sitini bado zimo humo.
Vikaratasi vya tarakimu ishirini ishirini
za umeme uliokwisha kitambo.
Nikamwaga vyote kwenye ndoo. Halafu nikarudisha chaji mbili;
mimi si mtakatifu.
Na jiko la gesi silitoi.
Mgongo wa mama ulipindwa na kuni.
Anayesema maisha ya zamani yalikuwa mepesi
aje abebe mzigo ule kutoka msituni, kisha tuongee.

Ila kundi, nilitoka.
Kidole kimoja, mara moja.
Simu ikanyamaza kama mtoto aliyepata titi.

Jioni, hodi.
Elingaya wa ng'ambo ya mfereji,
katibu mwenyewe, mwenye rangi tatu,
kasimama mlangoni, kofia kaishika kifuani,
na mkono wa pili una jani la isale,
limefungwa fundo.

"Tumekukosea nini, dada Aikande?
Wote tumesomewa kwamba umetoka."

Nilitaka kucheka. Nikaona miguu yake,
tope hadi magotini; kakatiza mashambani, mvua ikimnyeshea.
Miaka sita tumesalimiana kwa vidole gumba vya njano.
Nilishasahau kwamba herufi k humkwama kooni,
kwamba akitaka kusema "kahawa" lazima umsubiri.

Nikalipokea. Jani la isale hulikatai
halafu ukalala.
Nikampa kiti, chai, ndizi ya kuchoma.
Akasema k-kahawa yake ya juu imenyauka,
nikasema maharage yangu pia,
na hapo ndipo tulipojua
kwamba maji yalitupita wote wawili
tukiwa tumejifunika blanketi, tunasoma.

"Sasa Jumanne ijayo ni ya nani?"

Akatoa simu aangalie.
Akaikodolea.
Akairudisha mfukoni.

"Jumanne," akasema, "Jumanne ni ya—"

Nikamsubiri.